TANGAZO LINAPOKUITA JINA: SOMO KUHUSU MATANGAZO, HADHIRA NA ITIKADI

Katika matoleo yaliyopita ya jarida letu tumesoma kuhusu ngeli, methali na ushairi wa kimapokeo. Mwaka huu nimepewa kurasa hizi nizungumzie sajili ya matangazo ya biashara. Najua kuna mmoja wenu ameshaguna, "Aa, hiyo si isimujamii? Hiyo tutaisoma tukikaribia mtihani." La hasha! Ngoja kidogo, ndugu yangu. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tunaamka na sajili hii na kulala nayo. Iko katika redio ya matatu asubuhi, iko katika ukuta wa duka uliopakwa rangi ya kampuni ya simu, iko katika kalenda ya sebuleni, na iko katika simu ya mzazi tunapoiomba ili tufanye kazi ya ziada.

Vitabu vyetu vya marudio hutufunza sifa za sajili hii. Hutumia chuku, takriri, maswali ya balagha, sentensi fupi fupi, lugha ya kushawishi na kuchanganya ndimi. Sifa hizo ni za kweli na mwalimu atazidai kwenye mtihani. Hata hivyo, orodha hiyo haituambii jambo moja: tangazo linamfanyia nini mtu anayelisikia? Hilo ndilo swali la makala haya. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba kabla tangazo halijakuuzia kitu, hukupa jina. Ukiitikia jina hilo, biashara imekaribia kwisha.

1. MANENO MATATU TUTAKAYOYATUMIA

Kwanza ni hadhira. Hadhira ni watu wanaosikiliza, wanaotazama au wanaosoma. Katika fasihi simulizi hadhira huketi mbele ya fanani na huweza kumkatiza. Katika redio na runinga hadhira imetawanyika, na fanani haioni.

Pili ni utambulisho. Huu ni jibu la swali, "Wewe ni nani?" Unaweza kujibu kwa jina la ukoo, dini, mtaa, umri, jinsia, lugha au hata timu ya kandanda.

Tatu ni itikadi. Wengi wetu tukisikia neno hili hufikiria siasa tu. Itikadi ni mawazo ambayo jamii imeyazoea hadi yanaonekana kuwa mambo ya kawaida, kama vile jua kuchomoza mashariki. Kwa mfano, wazo kwamba kupika ni kazi ya wanawake ni itikadi. Hakuna aliyezaliwa akilijua. Tulifunzwa polepole, na mmoja wa walimu wetu ni tangazo.

2. "WE! WEWE HAPO!"

Mwanafalsafa mmoja Mfaransa, Louis Althusser, aliandika mwaka 1970 juu ya namna itikadi inavyomkamata mtu. Alitoa mfano wa askari polisi anayeita barabarani, "We! Wewe hapo!" Mtu akigeuka tu, tayari amekubali kwamba yeye ndiye aliyeitwa. Askari hajamtaja jina, hajamshika mkono, lakini amegeuka.

Sasa linganisha na matangazo. Sikiliza yanavyoanza: "Je, wewe ni kijana wa kisasa?" "Mama, unaijali familia yako?" "Wewe mkulima hodari..." Ni nani atakayesema, "Mimi ni kijana wa zamani"? Ni mama gani atakayejibu kwamba hajali? Unageuka bila kujua kwamba umegeuka. Hapo ndipo nafsi ya pili umoja inapofanya kazi. Tangazo linasikika na watu maelfu kwa maelfu, lakini husema "wewe", kana kwamba limekuja kwenu kunywa chai.

Ili tuelewane vizuri, nimelibuni tangazo langu mwenyewe la sabuni ambayo haiko madukani. Lisomeni kwa sauti ya redio:

"Mama! Umechoka kufua mchana kutwa? Pole sana! Tumia Povutele! Povu tele, raha tele! Povutele, sabuni ya mama anayejua!"

Haya, tulichambue. "Umechoka kufua?" ni swali la balagha. "Povu tele, raha tele" ni takriri, na pia inaingia akilini upesi, hata mtoto wa chekechea ataiimba. "Mchana kutwa" ni chuku. Alama tumepata. Lakini tuendelee mbele ya alama.

Jina lililoitwa hapa ni "mama anayejua". Basi kuna mama mwingine asiyejua, ingawa hajatajwa. Huyo ndiye anayetutia hofu, maana hakuna anayetaka kuwa yeye. Pia tazama ni nani anayefua. Mimi ni mvulana, na shati langu la shule nalifua mwenyewe kila jioni ndipo likauke kabla ya asubuhi. Naamini wavulana wengi wa shule hii wanafanya vivyo hivyo. Lakini katika tangazo la Povutele mimi huonekana wapi? Nikionekana, nitaletwa nikiwa na matope ya uwanjani, nimvulie mama shati, nikimbie. Tangazo halikusema, "Kufua ni kazi ya wanawake." Lingesema hivyo, wasichana wa kidato cha tatu wangeandamana! Limelichukulia wazo hilo kuwa jambo linalojulikana, likaendelea na povu lake. Hiyo ndiyo itikadi, wapenzi wasomaji. Inapita huku sisi tukitazama sabuni.

3. JINA HUTENGENEZWA KIWANDANI KAMA BIDHAA

Pengine utasema, "Lakini si kampuni hutafuta tu watu wanaofaa bidhaa yake?" Hebu tuvuke bahari twende Marekani tuone mifano miwili ya sigara, kwa sababu historia yake inajulikana vizuri.

Hadi miaka ya 1920, mwanamke wa Marekani kuvuta sigara hadharani ilikuwa aibu. Kwa kampuni za tumbaku hiyo ilikuwa hasara, maana nusu ya watu walikuwa hawanunui. Mwaka 1929, Edward Bernays, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya American Tobacco, alipanga wanawake waandamane katika gwaride la Pasaka jijini New York wakivuta sigara. Sigara hizo ziliitwa mienge ya uhuru. Wakati huo wanawake walikuwa wakidai haki zao kwa dhati, na miaka michache tu ilikuwa imepita tangu wapate haki ya kupiga kura nchini kote mwaka 1920. Bernays aliichukua kiu hiyo ya haki akaifunga kwenye kijiti cha tumbaku. Tumbaku haikumpa mwanamke kura wala mshahara sawa. Ilimpa jina la "mwanamke huru", pamoja na kikohozi.

Mfano wa pili ni Marlboro. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1924, sigara hii ilitangazwa kuwa ya wanawake, laini na ya kistaarabu. Miaka ya 1950 kampuni ya matangazo ya Leo Burnett, ya jijini Chicago, iliigeuza. Walileta picha za wanaume wakakamavu, na hatimaye mchunga ng'ombe aliyepanda farasi, peke yake, katika nyanda pana. Jina ni lile lile, lakini sasa ikawa sigara ya "mwanamume kamili". Baadhi ya wanaume walioonekana katika matangazo hayo walikufa baadaye kwa maradhi yanayoletwa na sigara.

Je, mmeona? Sigara ile ile moja inaweza kuwa ya kike leo na ya kiume kesho. Uanaume haumo ndani ya karatasi ya sigara. Huletwa na picha. Huku kwetu Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilipiga marufuku matangazo ya sigara. Bunge lisingejisumbua kufanya hivyo kama matangazo yangekuwa maneno matupu.

4. MAJINA TUNAYOITWA HAPA KWETU

Turudi nyumbani. Si kila jina ni baya. Huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom mwezi Machi mwaka 2007, wito wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Haukuanza kwa kueleza mitambo wala ada. Ulimwita mtu ambaye kila Mkenya anamjua, yaani mwana aliyeko mjini ambaye hajasahau kwao. Jina hilo lilikuwapo kabla ya simu. Wazee wetu walituma pesa kwa makondakta wa mabasi na kwa posta. Tangazo lililikuta jina likalivaa, na watu wakaitika kwa sababu haja ilikuwa ya kweli.

Jina jingine ni la uzalendo. Bia ya Tusker, iliyoanza kutengenezwa nchini miaka ya 1920, inajulikana kwa kauli "Bia yangu, nchi yangu". Ni maneno manne yenye takriri tamu, na mwalimu wa ushairi angetabasamu. Lakini tujiulize: nchi na bia vimekutana wapi? Babangu hanywi kileo chochote. Je, nchi yake ni ipi? Tangazo halimfukuzi nchini, lakini limeweka uzalendo ndani ya chupa, na yeye hana chupa.

Lipo pia jina la "kijana mjanja". Huyu huitwa kwa Sheng. Redio kama Ghetto Radio ya Nairobi hutangaza kwa Sheng, na kampuni nyingi zimejua kwamba kijana akisikia lugha yake husimama. Mimi siikashifu Sheng, hata kama mlezi wa chama atanitazama kwa jicho kali! Ninachosema ni kwamba mwenye bidhaa hakujifunza Sheng ili awe rafiki yako.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili. Tazama lugha zinavyogawanywa. Unga, sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya maumivu ya kichwa mara nyingi huuzwa kwa Kiswahili. Gari la bei ghali, shule ya kifahari na nyumba za kununua kwa mkopo mkubwa mara nyingi hutangazwa kwa Kiingereza. Hakuna aliyeandika popote kwamba Kiswahili ni lugha ya wasio na pesa. Lakini mtoto anayekua akiona ukurasa mmoja una unga kwa Kiswahili na mwingine una jumba kwa Kiingereza atajifunza nini kuhusu lugha yake? Halafu tunashangaa mbona mwenzetu akiongea Kiswahili sanifu darasani anachekwa, eti ni mshamba!

5. NI NANI ANAYEUZWA?

Swali hili liliwashangaza wengi nilipoliuliza chamani. Tunadhani redio hutuuzia bidhaa. Msomi wa Kanada, Dallas Smythe, aliandika mwaka 1977 kwamba bidhaa halisi ya kituo cha utangazaji ni hadhira yenyewe. Kituo hukusanya masikio kwa muziki, vichekesho na habari, kisha huuza masikio hayo kwa mwenye sabuni.

Tuangalie historia yetu. Kwa miaka mingi Wakenya walikuwa na shirika moja la utangazaji, Sauti ya Kenya, ambalo mwaka 1989 lilifanywa shirika la KBC. Kituo cha KTN kilianza mwaka 1990, kisha Capital FM ikaja mwaka 1996, na baadaye vituo vikawa vingi kama uyoga baada ya mvua. Ni jambo jema, kwa sababu sauti moja ya serikali nayo ilikuwa na itikadi yake, na msikilizaji hakuwa na pa kuhamia. Lakini redio hizi mpya hatuzilipii hata senti. Basi mishahara ya watangazaji inatoka wapi? Inatoka kwa matangazo. Asubuhi watu wakiwa wamejaa kwenye matatu, hapo ndipo matangazo yanaposongamana kama abiria wenyewe.

Tukilijua hili tutaelewa mambo mengine. Kituo kikiishi kwa matangazo ya kampuni fulani, si rahisi mtangazaji aikosoe kampuni hiyo. Na watu wasio na pesa za kununua, kama wazee wa mashambani, husikika kidogo hewani, kwa sababu masikio yao hayana bei kubwa.

6. YASIYOSEMWA

Tangazo hudanganya mara chache. Kudanganya ni hatari, mtu anaweza kushtakiwa. Njia yake kubwa ni kunyamaza. Nitatoa mifano mitatu, na hii si ya kuchekesha.

(a) Maziwa ya kopo. Katika karne iliyopita kampuni za maziwa ya unga ya watoto ziliyatangaza katika nchi nyingi maskini, kwa picha za watoto wanene wenye afya. Jina lililoitwa lilikuwa "mama wa kisasa". Lililonyamaziwa ni kwamba maziwa hayo yanahitaji maji safi, chupa iliyochemshwa na pesa za kununua kopo jingine. Akina mama wengi waliyachanganya na maji machafu, au wakaongeza maji ili kopo lidumu, na watoto wakaugua, wengine wakafa. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu kuhusu jambo hili, mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Tazama jinsi neno moja, "kisasa", linavyoweza kumfanya mama ayaache maziwa yake mwenyewe yasiyo na bei!

(b) Krimu za kujichubua. Nchini India krimu iitwayo Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, ilitangazwa kwa miaka mingi kwa visa vya msichana mweusi aliyekosa kazi au mchumba, akajipaka, akawa mweupe, mambo yakamnyookea. Mwaka 2020 kampuni ililiondoa neno linalomaanisha weupe, ikaiita Glow & Lovely. Jina limebadilika, lakini je, ile hadithi imetoka vichwani mwa watu? Wazo hilo halikuishia India. Hapa Kenya krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku tangu miaka mingi, lakini bado zinauzwa vichochoroni. Zebaki hudhuru figo. Katika ploti yetu kuna dada mmoja mwema sana ambaye alijipaka krimu ya namna hiyo kabla ya harusi ya rafiki yake. Sasa uso wake una madoa na hapendi kutoka mchana, jua linamchoma. Watu humcheka, "Si alitaka uzungu!" Mimi nauliza, hilo jina la "mrembo" alilifunzwa na nani? Alizaliwa akiona kwamba ngozi ya mamake ina kasoro?

(c) Kamari. Hii ndiyo inayotukaribia zaidi sisi wavulana. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 katika mchezo wa kubahatisha. Habari zake zilienea kila mahali. Mwaka uo huo kampuni ya SportPesa ilikuwa kwenye jezi za Everton ya Uingereza, timu iliyokuja Dar es Salaam mwezi Julai kucheza na Gor Mahia. Mapenzi ya kandanda, fahari ya Afrika Mashariki na kamari vikavaa jezi moja. Jina lililoitwa ni "mjuzi wa mpira". Kijana haambiwi, "Njoo ubahatishe." Huambiwa kwamba ujuzi wake unaweza kulipwa.

Wapi sauti ya walioshindwa? Mshindi mmoja huhojiwa redioni, akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu. Walioshindwa ni wengi kupita kiasi na hakuna anayewapa kipaza sauti. Ingekuwa lazima kila mshindi akihojiwa, wote waliopoteza siku ile nao wahojiwe, kipindi hicho kisingekwisha hadi mwaka ufike mwisho! Namjua kijana wa mtaani kwetu aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri. Alipewa karo ya chuo aipeleke benki. Haikufika. Alisema alikuwa na hakika, kwa sababu aliijua ile timu vizuri. Mwezi Aprili mwaka 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Sheria huwakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini redio ya matatu haiulizi umri wa abiria.

7. JE, SISI NI DEBE TUPU?

Sasa msomaji anaweza kukata tamaa, aone kwamba tangazo ni mchawi na sisi ni mazuzu. Sivyo. Stuart Hall, msomi aliyezaliwa Jamaika na kufundisha Uingereza, alieleza mwaka 1973 kwamba ujumbe hauingii kichwani kama maji kwenye debe. Msikilizaji huufasiri, na anaweza kufanya hivyo kwa njia tatu. Nitazieleza kwa Povutele yetu.

Njia ya kwanza ni kukubali. "Kweli, nitainunua, mimi ni mama anayejua."

Njia ya pili ni kukubali nusu nusu. "Povu lake ni zuri, lakini nitanunua ile ya kipande, bei yake ni nafuu."

Njia ya tatu ni kupinga. "Kwa nini ni mama tu? Watoto wangu wa kiume wana mikono."

Mamangu hutumia njia ya pili kila siku bila kumsoma Hall. Akienda dukani hutaja jina la sabuni ya tangazo, kisha hununua nyingine. Wateja wetu wa vibandani ni wachambuzi wakubwa!

Tena lugha hii ya matangazo inaweza kujenga. Katika miaka ya 2004 na 2005 kulikuwa na kampeni iliyoitwa "Nimechill", iliyowalenga vijana wadogo wajiepushe na mapenzi kabla ya wakati, ili wasiambukizwe virusi vya UKIMWI. Ilitumia Sheng na ishara ya vidole viwili. Waliofanya kampeni hiyo walijua kwamba kijana haogopi sana kufa, ila anaogopa kuonekana mshamba. Kwa hivyo waliligeuza jina. Anayesubiri ndiye akawa mjanja. Kisu ni kile kile, kinaweza kukata kitunguu au kidole.

8. HATUA ZA KULISOMA TANGAZO

Ukikutana na tangazo, kwenye mtihani au barabarani, fuata hatua hizi:

i) Taja sifa za lugha: balagha, takriri, chuku, vina, amri, kuchanganya ndimi.
ii) Uliza: linaniita nani? Na ni nani asiyetajwa ambaye ninaogopeshwa nisiwe?
iii) Uliza: ni wazo gani linachukuliwa kuwa la kawaida hapa?
iv) Uliza: ni nini kisichosemwa? Bei, madhara, walioshindwa?
v) Uliza: mimi nilikuwa na haja hii kabla sijaliona tangazo?

Ukifika hatua ya tano na jibu ni ndiyo, nunua kwa amani. Hakuna dhambi kununua sabuni.

HITIMISHO

Ningependa pia kueleza jambo ambalo baadhi yenu mmelilalamikia. Jalada la jarida la mwaka huu halina rangi. Mwenye duka moja la vipodozi alikuwa tayari kulipia jalada zima, mradi tuweke tangazo lake la krimu ya "kuwapa wasichana uso wa mafanikio". Kamati ilibishana vipindi viwili vya michezo. Wengine walisema pesa hazina rangi, na kwamba wasomaji wetu wana akili zao. Hoja hiyo ina uzito, nami nimeieleza hapa juu. Lakini wasichana wa kamati waliuliza: hadhira itakayouzwa hapo ni nani? Ni wenzetu wa kidato cha kwanza, tena tutakuwa tumewauza sisi, kwa bei ya rangi ya karatasi. Kura zikapigwa, rangi ikakosa. Nyuma ya jarida mtaona tangazo la fundi wa baiskeli. Lichambueni kwa hatua zile tano, yeye amesema haogopi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Sikiliza redio ya matatu kwa safari moja. Andika majina yote uliyoitwa na matangazo.
2. Chagua tangazo moja la Kiswahili na jingine la Kiingereza katika gazeti moja. Linganisha bidhaa na watu wanaolengwa.
3. "Tangazo hudanganya kwa kunyamaza." Jadili ukitoa mifano kutoka mtaani kwenu.
4. Tunga tangazo la kuwashawishi wavulana wafue nguo zao. Utawaita jina gani?

Majibu ya swali la nne yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya muhula kufungwa. Litakaloshinda litabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na bweta la maji. Hakuna zawadi ya milioni 221, lakini kuna daftari la kurasa 200.

Kiswahili kitukuzwe! Wasalaam.